Myra Adele Logan

Myra Adele Logan (Tuskegee, Alabama, 1908 – New York, 13 Januari 1977) alikuwa daktari mpasuaji wa Marekani, mmoja wa wanawake weusi wa kwanza kushika kisu cha upasuaji nchini humo. Hutajwa zaidi kwa moyo alioupasua mwaka 1943. Kazi yake ya miaka ya 1960, ya kuitafuta saratani ya matiti kabla haijakomaa, kwa kawaida hupewa mstari mmoja, na hapo anapunjwa.

Alikuwa kitinda mimba katika watoto wanane. Baba yake, Warren Logan, alikuwa mweka hazina wa Chuo cha Tuskegee. Mama yake, Adella Hunt Logan, alikuwa mwalimu aliyepigania haki ya wanawake kupiga kura. Myra alisoma Atlanta University, kisha saikolojia Columbia University. Alikuwa wa kwanza kupata ufadhili wa Walter Gray Crump, dola 10,000 zilizotengwa kwa wanafunzi weusi wa udaktari, akahitimu New York Medical College mwaka 1933 na kuingia Harlem Hospital.

Upasuaji ule wa moyo, ambao hakuna mwanamke aliyekuwa ameufanya kabla yake, ulikuwa wa tisa wa aina yake duniani. Mashine ya kusukuma damu badala ya moyo ilikuwa bado haijatumika kwa binadamu. Mwaka 1951 alipokewa katika American College of Surgeons.

Ugumu wa saratani ya matiti ni wa namna nyingine. Mfupa huizuia miale ya eksirei, kwa hiyo hutokeza mweupe kwenye picha. Titi halina mfupa. Mafuta, tezi za maziwa na uvimbe vyote ni laini, vikipishana kidogo sana kwa msongamano. Kwa mwanamke kijana, ambaye tezi zake zimeshikamana zaidi, uvimbe mdogo hujificha humohumo. Logan alibuni namna ya polepole zaidi ya kupiga eksirei, ili picha itenganishe tishu zinazokaribia kufanana. Uvimbe unaopapaswa kwa vidole mara nyingi umeshakaa mwilini miaka kadhaa. Picha nzuri huutangulia mkono, na muda huo uliookolewa ndio uhai wa mgonjwa.

Alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa Upper Manhattan Medical Group, kundi la madaktari waliohudumia wanachama wa bima ya afya ya HIP. Bima hiyohiyo ndiyo iliyoanzisha, Desemba 1963, jaribio kubwa la kwanza la mamografia kwa wanawake wasio na dalili: wanawake wapatao 62,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 64, nusu yao wakialikwa kupimwa. Vifo vya saratani ya matiti vilipungua katika kundi lililoalikwa.

Hakukubali cheo cha jina tu. Mwaka 1944 alijiuzulu katika kamati ya jimbo la New York iliyoshughulikia ubaguzi, baada ya Gavana Thomas Dewey kuiweka kando miswada iliyoandaliwa na kamati.

Alistaafu mwaka 1970 na kufariki kwa saratani ya mapafu. Mumewe, mchoraji Charles Alston, alikuwa amemtumia kama kielelezo alipochora picha za ukutani za Harlem Hospital, Myra akiwa bado daktari mwanafunzi: humo anaonekana amempakata mtoto mchanga.