Kutoka Kliniki ya Usikivu hadi Jukwaani: Historia ya Kisikilizio cha Ndani ya Sikio

Kisikilizio cha ndani ya sikio, yaani kipokea sauti kidogo kinachoingizwa katika tundu la sikio na kuliziba, tofauti na kile kinachoegemea mlangoni mwa sikio au kinacholifunika sikio zima, ni chombo ambacho wapenzi wa sauti safi hukidai mambo mengi kwa pamoja. Wanataka kizibe barabara bila kuumiza, kitoe besi yenye kina pamoja na sauti nyembamba zisizokera, waya wake uweze kubadilishwa unapokatika, na gamba lake lidumu kwa miaka mingi. Kwa mtu wa nje madai hayo huonekana kuwa ya anasa, hasa anaposikia kwamba zipo jozi zinazouzwa kwa dola za Marekani elfu moja na zaidi, lakini historia yake inaonyesha kwamba karibu kila dai lilizaliwa kwa watu ambao starehe haikuwa nia yao: wahandisi wa simu, wataalamu wa usikivu waliohudumia wasiosikia vizuri, na mafundi wa sauti waliohangaika nyuma ya majukwaa ya muziki.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko redio. Mwaka 1891 mhandisi wa Ufaransa Ernest Mercadier alipata hataza nchini Marekani, yaani hati ya serikali inayolinda haki ya mvumbuzi, kwa ajili ya vipokea sauti viwili vya simu vilivyoingia masikioni na ambavyo uzito wake haukufikia gramu 50. Alikusudia mfanyakazi wa simu aweze kuvivaa kichwani muda wote wa kazi, na kwa kuwa alijua kwamba kitu kigumu kikikaa sikioni kwa saa nyingi kitachubua ngozi, alizivika ncha zake mpira. Inafaa kuliangalia jambo hilo kwa makini, kwa sababu kabla mtu yeyote hajazungumzia ubora wa muziki ndani ya sikio, swali la kwanza lililoulizwa lilihusu ncha na namna inavyokaa, na hadi leo hakuna swali lenye uzito kuliko hilo.

Sababu imo katika umbile la sikio. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa takriban milimita 25, limepinda mara mbili, na mwisho wake limezibwa na kiwambo cha sikio, utando mwembamba unaotetemeka sauti inapoufikia. Kisikilizio kikiliziba tundu hilo sawasawa, hewa iliyobaki kati yake na kiwambo ni kidogo mno, na kwa hiyo spika ndogo inaweza kuisukuma na kuivuta kwa nguvu inayotosha kutoa besi kamili. Ukipatikana upenyo, hata mwembamba, mgandamizo huo huvuja na besi hutoweka, na chombo cha bei kubwa kinasikika kama cha bei ndogo. Tundu lililo wazi, kwa upande mwingine, huikuza sauti yenye masafa ya karibu hezi 3,000, yaani mitetemo 3,000 kwa sekunde, kwa zaidi ya desibeli 10, na ubongo umezoea ukuzaji huo tangu utotoni. Mara tundu linapozibwa ukuzaji wa asili huharibika, hivyo mbunifu wa kisikilizio hulazimika kuurudisha yeye mwenyewe. Nusu ya chombo, kwa maneno mengine, ni sikio la mwenye kusikiliza, nalo hutofautiana kati ya mtu na mtu, na mara nyingi kati ya sikio la kulia na la kushoto la mtu yuleyule.

Walioyajua mambo hayo kwa undani hawakuwa watengenezaji wa redio bali wa vifaa vya kusaidia kusikia. Katika jimbo la Illinois, Marekani, Hugh Knowles alianzisha mwaka 1946 kampuni iliyokuja kujulikana kwa spika ndogo sana za aina iitwayo amecha iliyosawazishwa, ambayo utendaji wake unastahili kuelezwa hatua kwa hatua. Ndani ya kisanduku cha chuma kinacholingana na punje chache za mchele kwa ukubwa, ulimi mwembamba wa chuma, ndio amecha, hupita katikati ya koili, na ncha yake huelea kati ya sumaku mbili. Umeme wenye sauti unapopita kwenye koili, ulimi huvutwa juu na chini, na kijiti chembamba kilichoshikizwa kwenye ncha yake huupeleka mtetemo huo hadi kwenye utando mwepesi unaosukuma hewa; sauti isipokuwepo, nguvu za sumaku mbili hulingana na ulimi hutulia katikati, na ndiyo maana ya kusawazishwa. Umbo hilo lilipendwa kwa sababu ya uchache wa umeme linaoutumia, kwani betri ya kifaa cha kusaidia kusikia ni ndogo, na pia kwa sababu lilitosha kufichwa ndani ya sikio. Hakuna aliyelichagua kwa ajili ya muziki.

Aliyeligeuzia kwenye muziki ni Mead Killion, mhandisi aliyekuwa amefanya kazi katika kundi la makampuni ya Knowles kabla ya kuanzisha kampuni ya Etymotic Research mwaka 1983 katika mji wa Elk Grove Village, Illinois. Visikilizio vyake vya mwanzo vilikuwa vya kupimia usikivu hospitalini, mahali ambapo usahihi ni sharti kwa sababu daktari hawezi kujua udhaifu wa sikio ikiwa hajui kwa hakika sauti iliyolifikia. Mwaka 1991 ujuzi huo ulizaa ER-4, kisikilizio cha muziki chembamba kama kalamu, chenye amecha moja tu na ncha ya silikoni ya ngazi tatu iliyoingizwa ndani kabisa ya tundu. Killion alilenga kiwambo cha sikio kipokee sauti ileile ambayo kingeipokea kama sikio lingekuwa wazi katika chumba ambamo sauti inatoka pande zote. Kina cha ncha hiyo kilikuwa na kazi ya pili: ncha iliyoishia mlangoni mwa tundu humfanya mvaaji aisikie sauti yake mwenyewe ikivuma kama yumo ndani ya pipa, ilhali iliyofika karibu na sehemu ya mfupa huipunguza kero hiyo na kuzuia kelele za nje kwa takriban desibeli 35.

Si kila aliyeijaribu aliivumilia ncha hiyo, na wengi waliiona besi yake kuwa nyembamba. Hata hivyo haitakuwa kutia chumvi kusema kwamba ER-4 ndiyo iliyowafundisha wapenzi wa sauti kutarajia uhalisi kutoka katika kitu kinachotosha kwenye kiganja, na ni halali kuihesabu miongoni mwa kazi kubwa za uhandisi wa sauti wa karne iliyopita. Killion mwenyewe aliyajali sana masikio ya wanamuziki, kwani mwaka 1988, miaka mitatu kabla ya ER-4, kampuni yake ilikuwa imekwisha toa vizibo vya masikio vinavyopunguza sauti zote kwa kiwango kimoja, ili mpigaji asiharibikiwe na usikivu wala asipoteze ladha ya ala yake.

Chimbuko la pili ni jukwaa. Mwanamuziki anayepiga mbele ya umati hujisikia kupitia monita, yaani spika zilizowekwa sakafuni zikimwelekea yeye, na kwa kuwa kila mmoja hutaka chake kisikike juu ya cha mwenzake, sauti hupandishwa na kupandishwa hadi maikrofoni zinaanza kupiga mluzi na masikio yanaumia. Katikati ya miaka ya 1980 watu wachache, wakiwemo Marty Garcia wa Future Sonics na mtaalamu wa usikivu Michael Santucci wa Sensaphonics huko Chicago, walianza kuihamishia monita ndani ya sikio. Hatua iliyotangaa zaidi ni ya mwaka 1995, Jerry Harvey, fundi wa sauti wa bendi ya Van Halen, alipomtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen visikilizio vilivyofinyangwa kwa umbo la masikio yake, kisha akaanzisha kampuni ya Ultimate Ears. Harvey aliigawa kazi: amecha moja ilibeba sauti nzito na nyingine sauti nyembamba, na kati yake kiliwekwa kigawanya masafa, saketi ndogo inayoielekeza kila sauti kwenye spika yake, kama ilivyokuwa imezoeleka katika makabati makubwa ya spika.

Namna ya kufinyanga kisikilizio cha mtu binafsi iliazimwa moja kwa moja kutoka kliniki. Mtaalamu hulikagua sikio kwa taa, huingiza kijisponji kilichofungwa uzi kukilinda kiwambo, kisha hulijaza tundu kwa silikoni laini kwa kutumia bomba na kungoja dakika chache mpaka igande. Mteja huambiwa aume kibao akiwa ameacha mdomo wazi, kwa sababu taya linapofunguka tundu hubadilika umbo, na mwimbaji aliyechukuliwa kipimo akiwa amefumba mdomo angeipoteza besi kila anapopaza sauti. Nakala hiyo ndiyo hugeuzwa kuwa gamba la akriliki, plastiki ngumu inayong'arishwa, na ndani yake hupangwa spika, mirija na nyaya kwa mkono chini ya darubini. Hata waya unaozungushwa nyuma ya sikio ni urithi wa jukwaa, ambako ulitakiwa kupita mgongoni bila kumsumbua mpigaji, na kama ulivyokatika mara kwa mara kwa jasho na kuvutwa, ndivyo ilivyolazimu uweze kuchomolewa na kuwekwa mwingine. Shure iliupeleka waya wa namna hiyo kwa wanunuzi wa kawaida mwaka 2010 katika familia ya SE535, na tangu hapo mpenzi wa sauti hukitilia shaka kisikilizio cha bei ambacho waya wake umegandishwa.

Kilichofuata ni mbio za idadi. Harvey, ambaye mwaka 2007 alikwisha anzisha kampuni nyingine, JH Audio, alitoa mwaka 2009 JH13 yenye spika 6 kila upande na mwaka 2013 Roxanne yenye 12. Mwaka 2016 kampuni ya 64 Audio ilifikisha 18. Ipo faida ya kweli katika kuzigawia spika nyingi mzigo, kwa kuwa kila moja hufanya kazi kwa utulivu, lakini wanunuzi wengi walianza kuichukua idadi kuwa ndiyo daraja la ubora, na hapo walipotoka. Kila spika inayoongezwa huleta mrija wake na ucheleweshaji wake, na sauti mbili zinazofika kwenye kiwambo zikiwa zimepishana hata kwa sehemu ndogo ya sekunde huweza kufutana. Sennheiser ilijibu mwaka 2012 kwa IE 800, yenye gamba la kauri na spika moja tu ya koili yenye kipenyo cha milimita 7. Jibu la Shure katika SE846 ya mwaka 2013 lilivutia zaidi: badala ya kuongeza spika ili kupata besi safi, wahandisi walizipanga bamba 10 nyembamba za chuma cha pua zilizochongwa njia ya kuzungukazunguka yenye urefu wa takriban sentimita 10, ambayo sauti nzito huipita na sauti nyembamba hupotelea humo, ili besi isiyafunike maneno ya mwimbaji. Ni nadra kuukuta ustadi kama huo katika nafasi isiyotosha kidole kidogo.

Swali la sauti sahihi ni ipi lilibaki wazi kwa muda mrefu, ingawa tangu mwaka 1981 kilikuwepo kiwango cha kimataifa cha kipimio kinachoiga sikio lililozibwa, kwani kipimio huonyesha kilichopo wala hakisemi kinachopendeza. Katika miaka ya 2010 Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman waliwasikilizisha watu wengi miondoko mbalimbali ya sauti bila kuwajulisha chapa wala bei, na wakaona kwamba wengi hupendelea sauti inayokaribia ile ya spika nzuri ndani ya chumba kizuri, yenye besi iliyonyanyuliwa kiasi kuliko ile ambayo Killion aliilenga. Mchoro wa mapendeleo hayo uliwafaa sana watengenezaji wa China, ambao hawakuwa na majina makubwa ya kulinda. Moondrop ya Chengdu ilijijenga kwa kutangaza vipimo vya bidhaa zake hadharani, na mwaka 2022 ikatoa kisikilizio kiitwacho Chu kwa takriban dola 20 tu, chenye mlingano wa sauti ambao miaka 15 kabla yake ungetafutwa kwa mamia ya dola. Tangu hapo fedha za ziada hununua zaidi ufinyanzi wa gamba, uimara, ukimya wa nje na urembo, mambo yenye thamani kwa anayeyataka, ila si tena tiketi ya kuingilia kwenye sauti nzuri.

Mabadiliko makubwa ya mwisho yameligusa dai la kudumu. Tangu Apple ilipoondoa tundu la waya katika simu zake mwaka 2016, na AirPods zikatokea mwaka huohuo, soko pana limehamia kwenye visikilizio visivyo na waya, ambavyo betri zake zimezibwa ndani ya gamba na huchakaa kwa miaka michache, kisha chombo kizima hutupwa hata kama spika zake ni nzima. Wapenzi wa sauti wamelipinga jambo hilo kwa sababu ya msingi, maana wamezoea vyombo ambavyo ncha, chujio la uchafu wa sikio na waya huchakaa na kubadilishwa huku spika ikiendelea kufanya kazi. Baadhi ya makampuni yamewasikia, nayo hutengeneza vipande vya kuning'inia nyuma ya sikio vyenye betri, amplifaya na kipokezi cha Bluetooth, vinavyochomekwa kwenye soketi ileile iliyowekwa kwa ajili ya nyaya za jukwaani. Betri ikifa, hutupwa kipande hicho peke yake, na kisikilizio hurudishiwa waya wake.