Ubadilishaji wa Sehemu za Mitambo na Majengo

Ubadilishaji wa sehemu, katika ilimu ya utegemekaji, ni kanuni ya kuamua wakati gani kifaa kiondolewe na kingine kishike mahali pake: ama baada ya kuharibika, ama kabla, kitimizapo umri uliowekwa, ama kwa siku maalumu ambapo vyote hubadilishwa kwa pamoja, vikuukuu na vipya. Njia hii ya mwisho haihitaji daftari la umri wa kila kimoja, lakini hutupa vilivyo vizima. Richard Barlow na Frank Proschan walizipambanua njia hizi kwa hisabati katika kitabu chao cha mwaka 1965, na sharti la msingi ni hili: kubadilisha mapema hakufai ila kwa kifaa ambacho hatari yake huzidi kadiri kinavyochakaa, na ambacho hasara ya kuharibika kwake ghafla huishinda gharama ya kukiondoa kwa mpango.

Katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja iko njia ya nne. Boriti za mikoko huoza aghalabu kwenye ncha zilizozikwa ukutani, maji ya dari inayovuja yanapotuama. Na kwa kuwa kuifikia moja kwahitaji kuvunja sakafu ya chokaa iliyo juu yake, fundi mwenye busara, akiisha kuifunua, huziondoa na jirani zake zilizoanza kulainika, maana gharama kubwa imo katika kuvunja, wala si katika mti.

Mambo yalikuwa mengine kwa waya wa umeme uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni, Tanzania bara, hata Fumba, Unguja, wenye uwezo wa megawati 45, usiokuwa na mwenziwe. Mwezi wa Mei 2008 umeme ulikatika, kisiwa kikakaa gizani takriban mwezi mzima. Ukakatika tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010, na pampu za maji zisizokuwa na jenereta zikasimama pamoja na taa. Kwa msiba wa namna hii hesabu ya umri peke yake haitoshi, kwani hata waya mpya waweza kukatwa na nanga ya meli siku yoyote. Lililotakiwa tangu awali ni waya wa pili. Wa megawati 100, uliogharimiwa na Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia, ulizinduliwa mwaka 2013.