Askari wa Rwanda, Mzaliwa wa Likasi

Jumamosi ile tulitundika shuka nyeupe ukutani, tukaazima projekta, vijana wakajaa mpaka mlangoni. Filamu niliyochagua ni La Miséricorde de la jungle, yaani Huruma ya Msitu, ya mwaka 2018. Nilichagua hiyo kwa sababu aliyeiongoza, Joël Karekezi, ni mtoto wa hapa Gisenyi, alizaliwa 1985. Nilitaka waone kwamba mtu wa kando ya ziwa hili anaweza kutengeneza kitu kikafika mbali.

Na kilifika. Machi 2019, kule Ouagadougou, filamu hiyo ilipata tuzo kubwa ya FESPACO, farasi wa dhahabu wa Yennenga. Ilikuwa mara ya kwanza kwa filamu ya Rwanda.

Hadithi yenyewe ni ya 1998. Vita vya pili vya Kongo vimeanza mwezi wa nane. Askari wawili wa Rwanda, Sajenti Xavier na kijana Faustin, wanaachwa nyuma na kikosi chao na kupotea ndani ya msitu wa Kivu. Wengi wanaiita filamu ya vita, lakini kinachotisha zaidi kiko kichwani mwa mtu: njaa, ugonjwa, kumbukumbu mbaya, jani likitikisika unadhani ni adui. Woga huo wengi wetu tunaujua bila kufundishwa.

Katikati kijana mmoja akauliza, "Yaya, juu ya nini askari wa Rwanda anasema Kifaransa?"

Alikuwa na haki. Karibu yote ni Kifaransa, mimi natafsiri mpaka koo linakauka. Wengi wa askari wa wakati ule walikulia Uganda. Kifaransa hakikuwa lugha yao. Nadhani lugha ilifuata pesa, maana filamu ilitengenezwa kwa ushirikiano na Wazungu wa Ubelgiji na Ufaransa.

Ndipo nikawaambia jambo lingine. Marc Zinga, anayecheza Xavier, alizaliwa Likasi, Kongo, akakulia Ubelgiji. Stéphane Bak, anayecheza Faustin, ni Mfaransa mwenye asili ya Kongo. Picha zilichukuliwa Uganda. Chumba kikanyamaza, kisha watu wakacheka. Hakuna aliyekuwa amegundua kitu!

Mimi sikucheka sana. Mwezi uleule wa nane 1998, kule Kinshasa, watu waliwindwa na kuuawa kwa sababu sura yao ilidhaniwa ni ya Mtutsi. Na katika chumba chetu wengi ni Wakongo wanaosema Kinyarwanda, wa Masisi na Rutshuru. Kule waliambiwa, "Rudini kwenu Rwanda." Huku karatasi zinasema ni wakimbizi wa Kongo. Sasa Mkongo amevaa sare ya Rwanda saa nzima na zaidi, na sisi wenyewe tumeshindwa kumtambua. Basi wale wa kwenye vizuizi walikuwa wanasoma nini usoni mwa watu?

Katika Hotel Rwanda ya 2004, mhusika mkuu alichezwa na Mmarekani, Don Cheadle. Hapa ni jirani anamcheza jirani, na Zinga alipata tuzo ya mwigizaji bora palepale Ouagadougou. Ni hatua.

Lakini binti mmoja aliyekaa nyuma hakuridhika. "Sawa, yaya. Na sisi tuko wapi mule?"

Nilikosa jibu. Kamera inakaa na askari. Wanakijiji wanaowapokea tunawaona kidogo, halafu basi. Mama aliyepita msitu uleule na sufuria kichwani na mtoto mgongoni, hadithi si yake.

Ndugu zangu wa mashirika, mkituletea filamu, ulizeni kwanza: nani yumo, na anasema lugha gani? Na sisi vijana tusingoje kuletewa tu. Binti yule ameanza kuandika safari ya mama yake, kwa Kiswahili chetu, na pale mama anapolia, kwa Kinyarwanda. Amefika ukurasa wa nne.