WALIVAA GLOVU WAKATOKA MABAKA MEUPE: CHIMBUKO LA DAWA ILIYOMO KWENYE MKOROGO

Wadau wa urembo, kabla hujapaka kile kikopo ulichouziwa sokoni bila boksi, isome hii mpaka mwisho. Ni historia ya kweli, na inaanzia mahali ambapo hakuna aliyekuwa anawaza urembo hata kidogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 huko Marekani kulikuwa na kiwanda cha kuchakata ngozi za wanyama, zile za kutengenezea viatu na mikanda. Vibarua wake, wengi wao watu weusi, walishinda kutwa wakishika ngozi zilizolowa madawa makali. Ili mikono yao isiungue, wakapewa glovu nzito za mpira. Mpaka hapo kila kitu kiko sawa, si ndiyo?

Baada ya muda wakaanza kuona mambo. Viganja na mikono ikatoka mabaka meupe pe, na mabaka yenyewe yakaishia pale pale glovu inapoishia. Wengine yakawatokea hata sehemu za mwili ambazo glovu haikugusa. Hakuna maumivu wala kidonda, rangi tu inaondoka. Hebu jiweke kwenye nafasi ya yule kibarua anayerudi nyumbani jioni, mke anamuuliza hii nini, na yeye hana jibu.

Madaktari wakaitwa. Kwanza ungedhani lawama ziende kwenye yale madawa ya ngozi. Kumbe mchawi yuko ndani ya glovu yenyewe! Kwenye mpira wake kulikuwa na kemikali inayoitwa monobenzoni, mtoto wa damu kabisa wa haidrokwinoni. Taarifa ikatoka mwaka 1939, ikaonyesha kwamba takriban nusu ya waliokuwa wakivaa glovu hizo walikuwa wamepoteza rangi. Glovu zikaondolewa, na wengi wao rangi ikaanza kurudi polepole. Majina yao hayatajwi. Vitabu vya tiba vinawaita "wafanyakazi" tu, basi.

SASA KEMIKALI YA NGOZI ILIFUATA NINI KWENYE GLOVU?

Hapa ndipo kemia inapoingia, na wala si ngumu kama ile ya kukariri kidato cha tatu.

Mpira ukikaa kwenye hewa unazeeka. Oksijeni inaushambulia, unakuwa mgumu, unapasuka. Umeshaona mpira wa ndani wa baiskeli uliosahaulika stoo. Kitendo hicho wanakemia wanakiita uoksidishaji, na ndicho hicho hicho kinachofanya tunda la epo ulilolikata ligeuke kahawia na msumari ushike kutu. Kwa lugha rahisi, kitu kinaporwa elektroni zake, na mporaji mkubwa ni oksijeni.

Wenye viwanda wakatafuta kitu cha kujitoa mhanga, yaani kitu chepesi kutoa elektroni zake ili oksijeni imalizane nacho na mpira ubaki salama. Ukoo wa haidrokwinoni unaiweza sana kazi hiyo. Hiyo ndiyo sababu ya monobenzoni kuwekwa kwenye glovu.

Na tabia hiyo ya kutoa elektroni haikuwa ngeni. Tangu miaka ya 1880 wapiga picha walikuwa wanaitumia haidrokwinoni kwenye chumba cha giza kusafishia picha. Inazipa elektroni chembe za fedha zilizopigwa mwanga, zinageuka fedha halisi nyeusi, na sura ya mtu inatokea. Zile picha za bibi na babu za nyeusi na nyeupe, zilizopigwa studio wamesimama wima kama askari, kwa kiasi kikubwa zilitokea kwa dawa za aina hiyo.

Kwa hiyo kemikali ileile ilikuwa inaleta weusi kwenye picha na kuondoa weusi kwenye ngozi. Inawezekanaje?

NDANI YA NGOZI KUNA NINI

Rangi ya ngozi yetu inatoka kwenye melanini. Ndani ya ngozi kuna seli maalumu za kuitengeneza, na malighafi yao inaitwa tirosini. Fundi wa kazi hiyo ni kimeng'enya kinachoitwa tirosinezi, ambacho katikati yake kina madini ya shaba. Anaichukua tirosini, anaioksidisha hatua kwa hatua, mwisho melanini inatoka. Melanini ndiyo mwavuli wetu wa jua.

Sasa haidrokwinoni inafanana umbo na tirosini. Fundi anadanganyika, anaichukua hiyo badala ya malighafi yake. Kazi ya melanini inasimama. Na kuna la pili ambalo wauzaji hawasemi: haidrokwinoni ikishaoksidishwa inageuka kwinoni, kitu kikali kinachoidhuru seli yenyewe ya rangi. Monobenzoni ni mbaya zaidi, inaweza kuiua seli moja kwa moja, na seli iliyokufa haitengenezi rangi tena.

Dalili zilikuwepo hata kabla ya zile glovu. Mwaka 1936 mtafiti mmoja wa Kijerumani aliwalisha paka weusi haidrokwinoni, manyoya yao yakageuka kijivu. Paka hawakuwa na wa kumlalamikia.

ONYO LIKAGEUZWA BIASHARA

Akili ya kawaida ingesema mikono ya wale vibarua iwe onyo kwa dunia nzima. Lakini kuna watu waliitazama wakaona pesa.

Biashara ya kujichubua ilikuwepo tayari na ilikuwa inatumia zebaki. Zebaki inakiharibu kile kimeng'enya chenye shaba, rangi inapungua, lakini yenyewe inapenya ngozi inaingia mwilini, inaumiza figo na mishipa ya fahamu. Baada ya Vita Kuu ya Pili monobenzoni nayo ikaingia kwenye mafuta ya kupaka. Watu wakatoka mabaka ya kudumu, yaleyale ya kiwandani, ila safari hii wamelipia wenyewe. Ndipo haidrokwinoni ikapewa nafasi kama ndugu mpole. Marekani ilipoipiga marufuku zebaki kwenye krimu za kung'arisha ngozi mwaka 1973, uwanja ukawa wake.

Mteja mkubwa akawa Mwafrika. Afrika Kusini, chini ya ubaguzi wa rangi, ambako weupe ulikuwa unaamua unakaa wapi na unafanya kazi gani, krimu hizi ziliuzwa mno. Mwaka 1975 madaktari wa huko wakaandika kuhusu wanawake weusi waliokuja na mashavu yenye weusi wa kibluu, ngozi imekuwa nene na ina vipele vidogo vidogo. Hawa walipaka ili wawe weupe, wakawa weusi kuliko walivyozaliwa, na ule weusi haung'oki. Ugonjwa huo unaitwa okronosisi. Unatokana na kupaka haidrokwinoni muda mrefu, na jua linauzidisha.

Mwanzo serikali ya huko ilipunguza kiwango hadi asilimia 2. Haikusaidia, watu waliendelea kuumia. Mwaka 1990 ikaipiga marufuku kabisa kwenye vipodozi. Ulaya ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwetu Tanzania, Kenya na Rwanda nako ni marufuku, na mwaka 2019 Bunge la Afrika Mashariki pale Arusha likapitisha azimio la kuitaka jumuiya nzima iizuie. Hospitalini daktari wa ngozi bado anaweza kuitumia kwa ugonjwa maalumu, kwa muda mfupi na kwa kumfuatilia mgonjwa. Hiyo ni tofauti kabisa na ya kujipimia kwa kijiko.

TURUDI SALUNI

Na huku mtaani nani anapima? Kuna dada wa saluni, mwingine hajafika miaka ishirini, anakoroga krimu tatu nne kwenye kopo moja, anaongeza na sindano ya steroidi iliyopasuliwa, anauza. Ndiyo mkorogo wenyewe. Anakoroga kwa mikono yake mitupu, kutwa, mwaka mzima. Hakuna aliyemfundisha kemia ya kazi yake, kama ambavyo hakuna aliyewaambia wale vibarua kilichomo kwenye glovu.

Kwa hiyo fundi wa ngozi unatakiwa ujue machache haya. Krimu yenye haidrokwinoni ikikaa wazi huwa inageuka kahawia, ni uoksidishaji uleule wa tunda la epo. Ukiona krimu nyeupe imeanza kubadilika hivyo, usimpake mtu. Zebaki kwenye boksi haiandikwi zebaki, inajificha kwa majina kama "calomel", "mercuric" au "mercurio". Boksi lisiloandikwa viambato kabisa ni baya kuliko yote, hilo rudisha dukani. Na mteja ambaye ameshaacha mkorogo usimkaripie. Mwambie ajikinge na jua na amwone daktari wa ngozi, maana mwavuli wake umetoboka.

Wale vibarua hawakuchagua kilichowapata. Walivaa glovu kwa sababu bosi alisema zitawakinga, na mikono yao ikaonyesha wazi kemikali hii inafanya nini kwenye ngozi ya mtu mweusi. Jibu lilipatikana mwaka 1939. Wao hawakuwa na pa kusoma. Sisi tunapo, na bado kopo linatembea mkono kwa mkono.

Haya wadau, ukimwona dada yako analitafuta hilo kopo, utamwambia nini?