Ardhi ya Kilosa na Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyoiweka ardhi ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana, ilitangulia Baraza la Kutunga Sheria. Baraza hilo lilipoanza mwaka 1926, halikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza waliteuliwa mwaka 1945: Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma na Chifu Abdiel Shangali wa Uchaga. Hivyo wakulima wa Kilangali na kwingineko Kilosa, wilaya ya mashamba makubwa ya mkonge, walitawaliwa na sheria ambayo hawakushirikishwa kuitunga. Kinyume chake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa wanakijiji wenyewe.