Mfuko wa Barua Uliokwama Tabora



Ndugu zangu, mwaka 1871 kulikuwa na mfuko wa barua Tabora. Juu yake umeandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Ulitoka Unguja, ubalozi wa Uingereza, kwenda Ujiji kwa Dkt. Livingstone, na ndani mlikuwa na barua za watoto wake.

Utasema vita vya Mirambo ndivyo vilivyoukwamisha. Kweli, lakini si kweli yote.

Vita vilikuwa vikali. Wafanyabiashara wa Kiarabu walijiingiza katika ugomvi wa utemi wa Unyanyembe, wakamwondoa Mnywa Sele, wakamsimamisha Mkasiwa. Kisha Mirambo wa Urambo akaibana njia ya Ujiji, akidai hongo. Agosti 1871 akaingia Tabora yenyewe: Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa mji, akauawa, nyumba zikachomwa, watu wakakimbilia Kwihara. Na njia ikifungwa, pembe zinalala Ujiji huku deni linasubiri Unguja, maana nguo na shanga zilichukuliwa kwa mkopo. (Tusifiche pia: biashara ile ilikuwa na watumwa ndani yake. Dhuluma ni dhuluma hata aifanyaye akiwa anaswali.)

Sasa sikiliza. Mfuko ule ulikaa Bagamoyo zaidi ya miezi mitatu KABLA ya vita! Hakuna Mirambo pwani. Waliokabidhiwa hawakuondoka tu. Vita vikaja kuwakuta Tabora, vikawapa udhuru. Wewe je, deni la watu unalosema "hali ngumu", lilianza kuchelewa hali ilipokuwa ngumu?

Mtume wetu ﷺ alipohama Makka, waliomwekea amana walikuwa miongoni mwa watu wa mji ule ule uliopanga kumuua. Alimwacha Ali, Allah amridhie, azirudishe kwa wenyewe. Hakusema hawa ni maadui, wala hakusema njia ni ya hatari.

Septemba, mwandishi Stanley akamchukua mmoja wa wale wachukuzi pamoja na mfuko wake. Jina lake Kaif Halek, yaani "hujambo" kwa Kiarabu, subhanallah. Wakazunguka kusini kupitia Ukonongo kuikwepa njia ya Mirambo. Ujiji, Livingstone akaupakata mfuko magotini, akaufungua, akasoma barua moja mbili za wanawe, uso ukamng'aa. Zilikuwa zimeshatimiza mwaka njiani.