Fani, Maudhui na Utungaji wa Papo kwa Papo katika Uchoraji wa Norman Lewis

Mgawanyo wa fani na maudhui umekuwa nguzo ya ufundishaji wa uhakiki wa fasihi ya Kiswahili kwa miaka mingi. Mwanafunzi huelekezwa kwanza kwenye dhamira, migogoro na ujumbe, kisha ndipo ageukie muundo, mtindo na lugha. Mkabala huu una manufaa yake, lakini umezaa pia shaka moja kubwa: kwamba msanii anayezama katika fani ameipa jamii yake kisogo. Shaka hiyo haikuota Afrika Mashariki peke yake. Huko Marekani ilimwandama Norman Lewis (1909–1979), mchoraji mweusi wa New York, tangu alipoacha kuchora watu na mambo kama yanavyoonekana na kuingia katika uchoraji dhahania. Makala haya yanaipitia historia ya kazi yake na kudai kwamba muziki wa jazi, hasa utungaji wake wa papo kwa papo, ulimpa njia ya kuibeba historia ya watu wake ndani ya fani yenyewe.

Lewis alizaliwa Harlem, mtoto wa wazazi waliotoka Bermuda. Alikulia katika mtaa ambao miaka ya 1920 ulikuwa kitovu cha mwamko wa fasihi, muziki na sanaa za watu weusi. Mwaka 1925 mwanafalsafa Alain Locke, katika mkusanyiko aliouhariri kwa jina The New Negro, aliwahimiza wasanii weusi kuiangalia sanaa ya Afrika kama urithi wao. Lewis aliufikiria wito huo kwa makini, lakini hakuupokea kama sheria. Alijifunza katika karakana ya mchongaji Augusta Savage, na mwaka 1935 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Harlem Artists' Guild, chama kilichotetea haki za wasanii wa mtaa huo. Michoro yake ya wakati huo ilifuata uhalisia wa kijamii. The Dispossessed, wa mwaka 1940, unaonyesha familia iliyotolewa nyumbani pamoja na vyombo vyake. Hakuna mtazamaji anayehitaji kuelezwa maudhui yake.

Kufikia katikati ya miaka ya 1940 mkondo huo ulikuwa umebadilika. Katika mahojiano yake na Henri Ghent mwaka 1968, Lewis alieleza kwamba alitambua polepole kuwa picha za dhuluma hazikumgusa mtu wala kuboresha hali ya walioonewa. Kauli hiyo imechukuliwa na baadhi ya watu kuwa tangazo la kujitenga na jamii. Maisha yake hayaungi mkono tafsiri hiyo. Mwaka 1963, wakati wa matayarisho ya maandamano makubwa ya Washington, alishirikiana na Romare Bearden, Charles Alston, Hale Woodruff na wengine kuunda kikundi cha Spiral, kilichojadili wajibu wa msanii mweusi katika harakati za haki za kiraia. Mwaka 1969, pamoja na Bearden na Ernest Crichlow, alianzisha Cinque Gallery ili wasanii chipukizi wa jamii zilizobaguliwa wapate mahali pa kuonyesha kazi zao. Alichokikataa Lewis ni dhana kwamba mchoro hutumikia mapambano kwa kuyanakili tu.

Mabadiliko hayo yalienda sambamba na mapinduzi ya muziki yaliyotokea mtaani mwake. Katika klabu ya Minton's Playhouse huko Harlem, mwanzoni mwa miaka ya 1940, Thelonious Monk, Dizzy Gillespie, Charlie Parker na wenzao walikuwa wakiunda mtindo wa bibopu. Mwaka 1945 Parker alirekodi Ko-Ko, kazi iliyojengwa juu ya kiunzi cha Cherokee, wimbo wa Ray Noble wa mwaka 1938. Mfuatano wa sauti za msingi uliochukuana na wimbo huo ulibaki, ilhali lahani iliyojulikana na wengi ilitoweka, na nafasi yake ikachukuliwa na lahani iliyobuniwa palepale. Hapa pana jambo ambalo mhakiki hana budi kulizingatia. Utungaji wa papo kwa papo haumaanishi kutunga bila kanuni. Washairi wa Kiswahili wanapojibizana ana kwa ana, mizani na vina huwa vimekwisha kukaa kichwani. Ndiyo maana ulimi hupata uhuru. Mpiga jazi vilevile huwa huru kwa sababu anakijua kiunzi anachokiacha nyuma ya sauti.

Lewis aliihamisha kanuni hii kwenye uchoraji. Katika Jazz Musicians, wa mwaka 1948, wanamuziki na ala zao hawajafutika kabisa, lakini wamevunjwavunjwa kuwa mistari myembamba inayopishana, kuachana na kukutana tena. Katika Jazz Band, wa mwaka huohuo, mistari imekwaruzwa juu ya ubao uliopakwa rangi nyeusi. Mbinu hiyo ina hatari inayofanana na ya jukwaani: mstari ukishakwaruzwa haufutiki, na kila unaofuata lazima uuitikie uliotangulia.

Ulimwengu wa sanaa wa New York ulimpokea nusunusu. Jumba la Willard Gallery liliandaa onyesho lake la kwanza la peke yake mwaka 1949. Mwaka 1950 alihudhuria mjadala mashuhuri wa wachoraji wa mkondo huo uliofanyika Studio 35, akiwa mtu mweusi pekee. Mwaka 1955 mchoro wake Migrating Birds ulipata tuzo ya watazamaji katika maonyesho ya kimataifa ya Carnegie huko Pittsburgh. Hata hivyo, umaarufu na fedha vilivyomfuata Jackson Pollock na wenzake havikumfikia, na historia nyingi zilizoandikwa baadaye hazikumtaja. Onyesho la kwanza la kupitia kazi ya maisha yake lilifanyika mwaka 1976, miaka mitatu tu kabla ya kifo chake. Alikaa kati ya soko lililowatukuza wachoraji weupe na matarajio kwamba mchoraji mweusi achore watu weusi.

Je, yawezekana kwamba uchoraji dhahania ulimfanya awe bubu mbele ya dhuluma? Mchoro Evening Rendezvous, wa mwaka 1962, unalijibu swali hili. Kwa mbali mtazamaji huona rangi nyekundu, nyeupe na buluu zikielea gizani, na huenda akapendezwa. Akisogea, vijialama vyeupe hugeuka kuwa watu waliovaa kofia za Ku Klux Klan, wekundu ukawa moto, na rangi zote tatu zikawa zile za bendera ya Marekani. Kule kupendezwa kwa mwanzo humsuta. Mchoro wa kihalisia usingeweza kumtia mtazamaji hatiani kwa namna hii, kwani ungemwambia ukweli kabla hajafurahi.

Inaweza kuhojiwa kwamba ni jina la mchoro au rangi zake tu zinazobeba maana hiyo. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa vijialama vya aina hiyohiyo hutokea pia katika michoro ya Lewis ya sherehe za barabarani. Katika Processional, wa mwaka 1965, mwaka wa maandamano ya kutoka Selma hadi Montgomery, umati wa namna hiyo unasonga kama ukanda mweupe unaopanuka katikati ya weusi. Lakini hapo ndipo nguvu ya kazi hizi ilipo. Mkusanyiko wa watu ndio kiunzi cha Lewis. Juu yake aliweza kutunga furaha, chuki au tumaini, kama Parker alivyotunga lahani mpya juu ya wimbo uliojulikana. Jamii haikutoka katika michoro yake. Iligeuka kuwa msingi ambao kila mstari unausikiliza.

Hitimisho hili lina maana kwa uhakiki wa ushairi wa Kiswahili. Tangu Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, mabishano juu ya mashairi huru yameelekea kuuliza kama mshairi ameiacha arudhi au ameishika. Mfano wa Lewis unaelekeza kwenye swali lenye tija zaidi: shairi lililoacha vina na mizani linasikiliza kiunzi gani, na linakiitikia vipi? Mhakiki anayeuliza hivyo hatalazimika kuchagua kati ya fani na jamii, wala hatamhukumu msanii kabla ya kusogea karibu na kazi yake.